Soichiro Honda na muhuri ambao hakuugusa



Geto langu liko Ipogolo, kule chini karibu na barabara kuu ya Mbeya. Ukikaa Ipogolo huhitaji alamu. Malori ya Zambia na Kongo yananguruma usiku kucha, na kabla hakujapambazuka vizuri boda zinaanza kupandisha watu mjini. Kilima chenyewe mnakijua. Boda ina abiria wawili na kiroba cha viazi katikati, inalia, inapanda, inafika. Nyumba ya pili kutoka kwangu yupo fundi pikipiki, na ni yeye aliyenifundisha kwamba nyingi ya pikipiki zile, hata kama ubavuni zimeandikwa majina mbalimbali ya Kichina, ukizifungua unakutana na injini ya ukoo mmoja. Mafundi wanaiita CG. Aliyeijua CG moja amezijua zote.

Nikaenda kutafuta hiyo CG ni kitu gani. Ni Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Wahandisi wa Honda walikuwa wamekwenda kutazama pikipiki zao zinavyotumika katika nchi zinazoendelea, wakakuta mambo ambayo mtu wa Ipogolo angewaambia bila kuinuka kwenye kigoda: mzigo unapita kiasi, oili haibadilishwi mpaka iwe uji, kichujio cha hewa kimejaa vumbi. Wangeweza kuandika kitabu kirefu zaidi cha maelekezo na kumlaumu mteja. Wao wakabadilisha injini. Waliondoa ile cheni inayopanda mpaka juu ya silinda kuendesha valvu, wakaweka vijiti vya chuma vya kuzisukuma. Injini ikawa ya kizamani kidogo, lakini ngumu kufa. Viwanda vya China vikaja kuiga, na ndiyo sababu leo unawahi kipindi cha saa mbili.

Kilichonishika mimi ni tarehe. Mwaka 1976 mzee Soichiro Honda, mwenye jina lile, alikuwa amestaafu miaka mitatu nyuma. Kampuni yake ilitengeneza kitu chenye manufaa makubwa kwa watu kama sisi wakati yeye hayupo ofisini. Tumekaa kwenye semina za ujasiriamali mpaka viti vimetuchoka, tukiambiwa usikate tamaa, usikate tamaa. Honda hutajwa sana humo kama mfano wa mtu king'ang'anizi. Ni kweli alikuwa king'ang'anizi. Lakini nimesoma habari zake sasa kwa muda, na naona nusu ya hadithi huwa inaachwa.

Alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, mahali ambapo leo pamo ndani ya jiji la Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye pia alitengeneza baiskeli. Shule haikumkolea. Kule Japani muhuri wa familia ndio saini, na shule ilikuwa ikipeleka ripoti nyumbani ili mzazi apige muhuri. Soichiro, ambaye maksi zake hazikuwa za kumwonyesha baba, alichonga muhuri wake mwenyewe kwa mpira wa pedeli ya baiskeli. Ukafanya kazi vizuri. Akawachongea na wenzake. Hapo ndipo walipokamatwa, kwa sababu herufi za jina la Honda zinafanana kushoto na kulia, hivyo hata ukizichonga vibaya zinatoka sawa, lakini za wenzake zilitoka zimegeuka kama kwenye kioo. Muhuri huu uwekeni akilini, tutakutana nao tena.

Mwaka 1917 rubani wa Kimarekani aitwaye Art Smith alikuja Hamamatsu kuonyesha ndege. Mtoto alichukua baiskeli ya baba yake bila kuomba, kubwa kuliko yeye, akaiendesha kilomita kama 20. Hela ya kiingilio haikutosha, akapanda juu ya mti wa msonobari akatazama kutoka huko. Alipofika miaka 15, mwaka 1922, akaondoka kwenda Tokyo kufanya kazi katika gereji ya Art Shokai. Kazi aliyopewa ilikuwa kulea mtoto wa tajiri. Miezi ikapita anabeba mtoto mgongoni huku wenzake wanashika spana. Alifikiria kutoroka, akabaki, na mwishowe akaitwa kushika gari. Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo, akiwa kijana wa miaka 21.

Gereji ilimlipa vizuri, ila yeye alitaka kutengeneza kitu badala ya kukarabati vya watu. Mwaka 1937 akaingia kwenye ringi za pistoni. Kwa macho ringi ni duara dogo tu la chuma, lakini akizitengeneza zinakatika. Akaenda chuo cha ufundi cha Hamamatsu kumwuliza profesa, wakapima chuma chake, wakamwambia kina upungufu wa silikoni. Mtu wa miaka 30 hivi, mwenye wafanyakazi na familia, akaanza kuhudhuria darasani na vijana. Alichukua masomo aliyoyahitaji tu, mitihani hakufanya, na diploma hakupewa. (Msiende kumwonyesha mkuu wa idara aya hii. Yeye alikuwa na kiwanda, sisi tuna sapu.) Hata baada ya hapo Toyota walipokagua ringi 50 kutoka kwake, zilizopita zilikuwa tatu. Akazunguka tena viwandani na vyuoni karibu miaka miwili, mpaka zikakubalika.

Kisha vita. Toyota walichukua sehemu kubwa ya hisa na yeye akashushwa kutoka urais wa kampuni. Kiwanda kimoja kilipigwa mabomu, na kingine kilibomolewa na tetemeko la ardhi la Januari 1945. Vita ilipokwisha aliwauzia Toyota kilichobaki kwa yeni 450,000, akajitangazia likizo ya mwaka mzima. Alinunua pipa la alkoholi, akatengeneza pombe yake nyumbani, akapiga filimbi ya mianzi, akaalika marafiki. Wahamasishaji wetu huwa wanauruka mwaka huo. Mimi naupenda. Mtu aliyepoteza kila kitu alikaa chini, akanywa, akasubiri aone nchi inaelekea wapi.

Nchi ilikuwa inaelekea kwenye baiskeli. Treni zimejaa, petroli ya kupimiwa, watu wanasafiri mbali kutafuta chakula. Mwaka 1946, katika kibanda pale Hamamatsu, Honda alipata injini ndogo zilizobaki jeshini, za kuendeshea jenereta za redio, kama 500 hivi. Akaifunga moja kwenye baiskeli, na tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chupa ya maji ya moto, ile ya kuwekwa kitandani wakati wa baridi. Mke wake, Sachi, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu barabarani. Injini za jeshi zilipokwisha akabuni ya kwake. Tarehe 24 Septemba 1948 ikaandikishwa Kampuni ya Honda, kwa mtaji wa yeni milioni moja na wafanyakazi 34.

Na hapo, jamani, ndipo ilipokuwa karibu kufa. Pikipiki zilikuwa nzuri, zilinunuliwa, na hela haikurudi. Wauzaji wengine walichukua mzigo wakapotea. Honda alikuwa hajui kudai, hajui kupanga bei, na kwa kweli hakupenda kujua. Alitaka kushika chuma. Mwaka 1949 akakutanishwa na Takeo Fujisawa, mfanyabiashara mwenye miaka 38, ambaye hakuwa mhandisi wala hakutaka kuwa. Walikubaliana haraka sana: mmoja atashika ufundi, mwingine atashika fedha na soko, na hakuna atakayeingia kwa mwenzake. Honda akamkabidhi muhuri wa rais wa kampuni. Yule aliyechonga muhuri wa uongo utotoni, alipopata wa kweli, wenye nguvu ya kusaini kila mkataba na kila mkopo, alimpa mtu mwingine na inasimuliwa kwamba hakuwahi kuugonga yeye mwenyewe mpaka anastaafu.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu jambo hili kwetu ni zito. Hapa chuoni nimeona kikundi cha watu watano kilichotengeneza programu ya kuita boda kwa simu. Ilifika hatua ikafanya kazi. Wenye boda wawili wa kijiweni waliijaribu wakaipenda. Kikundi hakikufa kwa kukosa mtaji, wala kwa kukata tamaa, maana walikuwa wanakesha kweli kweli na boom zao walichanga. Kilikufa kwenye kikao cha kuamua nani awe mkurugenzi mtendaji na nani atie saini benki. Wawili kati yao hawasalimiani mpaka leo. Kila mmoja alikuwa king'ang'anizi, na hilo ndilo lililowamaliza.

Fujisawa alionyesha kazi yake mwaka 1952. Honda alikuwa ametoa injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli, iitwayo Cub. Kampuni haikuwa na maduka ya kutosha. Fujisawa akaandika barua kwa maduka ya baiskeli zaidi ya 50,000 nchi nzima. Aliwakumbusha kwamba babu zao walithubutu kuuza baiskeli zilipokuwa kitu kigeni, na akawauliza kama wao watathubutu kuuza baiskeli yenye injini. Maduka kama 13,000 yakakubali, na yakalipa kwanza, kabla ya kupokea mzigo. Kampuni ambayo majuzi ilikuwa inakimbiwa na wadeni sasa ilikuwa na mtandao wa mauzo mkubwa kuliko wa mshindani yeyote Japani. Teknolojia iliyoleta hayo ilikuwa stempu na bahasha.

Walijaribiwa tena mwaka 1954. Walikuwa wameagiza mashine za kiwandani kutoka ng'ambo za yeni milioni 450, fedha ambazo hawakuwa nazo. Kisha skuta yao mpya, Juno, ikawa inachemka. Cub ikapitwa na wakati, na pikipiki yao kubwa, Dream, ikaanza kuzima njiani. Kulaumiana kungekuwa rahisi. Honda alijifungia na kabureta mpaka akapata kasoro ya Dream. Fujisawa akaenda benki akawaeleza hali ilivyo, mabaya yote bila kuficha, na kwa wauza spea akaomba wapokee sehemu ya malipo na wavumilie. Benki ikabaki nao.

Katika mwaka huo huo wa njaa, Machi, walitangaza kwamba watashiriki mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Man, wakati huo makubwa kuliko yote duniani. Honda alipokwenda kutazama mwezi Juni aligundua pikipiki za Ulaya zina nguvu karibu mara tatu ya zake. Ilichukua miaka mitano. Mwaka 1959 walishiriki, wakashika nafasi ya sita katika daraja la cc 125. Mwaka 1961 wakachukua nafasi tano za kwanza katika cc 125, na tano za kwanza katika cc 250. Kati ya hapo, mwaka 1958, ilitoka Super Cub, pikipiki isiyo na mkono wa klachi. Fujisawa aliidai iwe hivyo ili kijana anayepeleka tambi kwa wateja aweze kuendesha kwa mkono mmoja, trei iko mkono wa pili. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Wako wazee wa huku kwetu ambao hadi leo pikipiki yoyote wanaiita honda.

Sasa nusu inayoachwa. Honda alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Kiwandani walimwita Radi. Alipiga watu, alirusha spana, kisha jioni anajuta. Waliofanya kazi naye walimsamehe na hata kumpenda, lakini mimi siwezi kulisifia hilo, na nawashangaa wanaolisifia. Na ubishi uleule uliompitisha kwenye ringi za pistoni ulimfikisha mahali pabaya alipoanza kutengeneza magari. Alishikilia kwamba injini ipozwe kwa hewa, kama ya pikipiki. Hoja yake haikuwa ya kijinga: hata maji ya rejeta mwisho wake yanapozwa na hewa, kwa nini tusiende moja kwa moja? Mwaka 1969 likatoka gari la H1300, la ajabu kiufundi, zito, la gharama kubwa, na halikuuzika kama ilivyotarajiwa.

Vijana wake waliona wazi kwamba hewa haitatosha. Marekani ilikuwa inaandaa sheria kali ya moshi wa magari, na bila maji ya kupoza, joto la injini halitawaliki vya kutosha kusafisha moshi. Wakasema. Mzee akakataa. Mmoja wao, Tadashi Kume, mhandisi hodari, aliacha kuja kazini kwa wiki kadhaa. Hatimaye wakamwendea Fujisawa, wa pekee ambaye Radi haikumpiga. Fujisawa hakubishana naye habari ya hewa na maji, kwa kuwa ufundi haukuwa eneo lake. Alimwuliza kitu kimoja tu: katika kampuni hii anataka kuwa rais, au mhandisi? Honda alinyamaza kwa muda. Akajibu kwamba rais. Basi, vijana waruhusiwe kutumia maji. Akaruhusu.

Matokeo yake ni injini ya CVCC, iliyotangazwa mwaka 1972, ya kwanza duniani kutimiza masharti ya sheria ile ya Marekani ya mwaka 1970, wakati makampuni makubwa ya Detroit yakisema haiwezekani. Ikawekwa kwenye gari la Civic. Kuna jambo lingine lilitokea ndani ya kazi hiyo. Honda alikuwa akiwahimiza vijana kwamba hii ni nafasi ya kuwafikia vigogo wa Detroit. Vijana wakamwambia wao hawafanyi kazi kwa ajili hiyo, wanafanya kwa ajili ya hewa watakayovuta watoto wao. Mzee alikiri baadaye kwamba siku ile alijua muda wake umekwisha.

Fujisawa ndiye aliyeanza kuaga. Honda aliposikia, alisema kama ni hivyo na yeye anaondoka. Oktoba 1973, kampuni ikiwa na miaka 25, wakatoka wote wawili pamoja. Rais mpya, Kiyoshi Kawashima, alikuwa na miaka 45 na hakuwa ndugu ya yeyote kati yao. Alikuwa ameajiriwa zamani za kibanda cha Hamamatsu, na ndiye aliyeongoza timu ya kisiwa cha Man mwaka 1959. Watoto wao hawakuingizwa kwenye kampuni. Mdogo wake Honda, ambaye alikuwemo tangu zamani, alikuwa ameshaondolewa kabla. Ukipiga hesabu, miaka mitatu baadaye ndiyo ikatoka CG125.

Baada ya kustaafu alizunguka Japani kwenye viwanda na maduka yake, kila mahali akitaka kumshika mkono kila mfanyakazi. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja alitaka kukimbilia kunawa kwa sababu mikono ilikuwa na oili, na mzee akaukamata hivyo hivyo, akafurahi na harufu. Fujisawa alifariki mwishoni mwa mwaka 1988. Mwaka uliofuata Honda aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa watengeneza magari kule Marekani. Aliporudi aliipeleka medali nyumbani kwa marehemu, akaiweka mbele ya madhabahu yake.

Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameacha agizo kwamba kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa sababu magari yangekuwa mengi na yangesababisha foleni barabarani.